Kitandiko cha Kibaraza cha Baba

Baba yangu alikuwa dereva wa greda. Kwa zaidi ya miaka thelathini alisawazisha barabara za mikoa ya watu, na muda mwingi wa miaka hiyo alilala ndani ya karavani, kile kijumba cha bati chenye magurudumu ambacho hukokotwa nyuma ya gari na kuegeshwa kambini. Sisi nyumbani Morogoro tulimwona mara mbili tatu kwa mwaka. Alipostaafu, kambi yake ya mwisho ilivunjwa na vitu vikauzwa kwa wafanyakazi. Wenzake walinunua jenereta na matangi ya maji. Yeye akanunua karavani. Mama alicheka hadi akakaa chini. Iliegeshwa nyuma ya nyumba, karibu na mipapai, na kwa miaka kadhaa wapangaji wake walikuwa kuku.

Mama alipofariki, baba alikaa ndani ya nyumba mpaka arobaini ilipopita. Siku iliyofuata aliwafukuza kuku, akaosha karavani kwa sabuni ya unga, akahamisha godoro lake. Kaka yangu, anayeishi mtaa wa pili, alipomuuliza kulikoni, baba alimjibu kwamba nyumba ile ina nafasi nyingi mno.

Wakati huo mimi nilikuwa Guangzhou, Uchina, niliko hata sasa. Ninanunua nguo za jumla kwa niaba ya wenye maduka wa Kariakoo na Mwanza, nazifunga marobota, nazipakia kwenye kontena. Nina kijichumba cha ofisi kwenye jengo la Tianxiu, ghorofa moja na mawakala wa mizigo, na siku zangu nyingi huishia kwenye masoko ya nguo ya Guangyuan Xilu au Shahe, nikishika vitambaa. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa, kushika. Nafinya mshono, navuta ukingo, nasugua kitambaa kwenye shavu, nakipeleka dirishani kwenye mwanga. Wateja wangu wengi sijawahi kuwaona uso kwa uso, lakini mwanamke atakayenunua gauni Mwanza naweza kukuambia litambana wapi akinyanyua mkono.

Baba alinipigia simu asubuhi moja, nikiwa katikati ya kazi hiyo.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita, "huko kwa Wachina hakuna kitu cha kutandika chini? Kibaraza cha turubai nimekwishafunga mlangoni mwa karavani. Lakini chini ni vumbi tupu, na mimi nasali pale."

"Kipo, baba. Nitakutafutia."

"Usihangaike sana."

Sikuhangaika. Mchana huo huo niliingia duka la maturubai lililokuwa njiani nikielekea stoo. Laoban, yaani bosi mwenye duka, alinionyesha kitandiko kizito cha plastiki, rangi ya kijivu iliyokoza, chenye vitundu vya shaba pembezoni vya kupitishia vigingi. "Hiki hakionyeshi uchafu," aliniambia. Nilikuwa na simu sikioni, nabishana na mtu kuhusu zipu. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikukikunjua, wala sikukigusa. Kiliingia katikati ya marobota ya magauni, kikasafiri, kikafika, na baba akanitumia ujumbe wa sauti wa kunishukuru, wa kunibariki mimi na kizazi changu.

Baba ana kisukari. Nilijua. Nilijua pia kwamba miguu yake imeanza kufa ganzi, kwa sababu daktari alimwambia mbele yangu, mara ya mwisho nilipokwenda likizo, kwamba asitembee peku na kwamba kila siku nyayo zake zikaguliwe. Baba alimsikiliza daktari kwa adabu zote. Nyumbani akasema yeye si mtoto wa kukaguliwa miguu. Viatu alivaa, lakini akifika kibarazani alivivua, kwa sababu pale alipasafisha, ndipo anaposalia, na mtu hakanyagi na viatu mahali pake pa sala. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubishana naye katika hilo.

Msumari ulikuwa mdogo, wa kupigilia bati. Ulianguka kutoka kwenye fremu ya turubai alipokuwa akiikaza, ukalala juu ya kijivu kile ukiwa na rangi ile ile. Aliukanyaga. Hakusikia. Alitembea nao, kaka anakadiria siku mbili au tatu, akapika chai, akasali, akamwagilia mipapai, msumari ukiwa ndani ya unyayo wake. Damu ilikuwepo, lakini juu ya kijivu kilichokoza damu ikikauka huwa kama tope. Jumapili kaka alipokwenda kumsalimia aliona inzi.

Hospitali walimkata kidole kimoja cha mguu. Madaktari walisema amebahatika.

Kaka alinipigia akiwa nje ya wodi. Si mtu wa kupaza sauti, na siku ile hakupaza.

"Ulimnunulia nini mzee?" aliniuliza.

"Kitandiko."

"Nimekiangalia. Kina rangi ya msumari."

Akaendelea, "Akitoka hapa harudi kwenye lile bati. Nyumba ipo, ina vigae, nitaajiri msichana wa kumwangalia. Nataka uniunge mkono. Wewe anakusikiliza."

Nilimwambia nitafikiri. Nikakata simu, nikarudi kwa muuza mashati aliyekuwa akinisubiri, nikashika kola, nikagundua sijui ninashika nini.

Siku zile nilifikiri sana, na nitasema ukweli kwamba mwanzoni sikumfikiria baba. Nilijifikiria mimi. Nilijiuliza inakuwaje mtu anayekagua mishono ya nguo za wageni mpaka macho yanamuuma, anamchagulia baba yake kitu akiwa na simu sikioni. Nadhani nililijua jibu, nilichelewa tu kulikubali. Mteja akipokea gauni bovu hulirudisha. Baba yangu hurudisha shukrani. Nilikuwa nimezoea kumpelekea vitu vya kushukuriwa, redio, blanketi, chupa ya chai, na kila shukrani ilinipa ruhusa ya kukaa mbali miezi mingine sita.

Baba mwenyewe alipoweza kushika simu, nilimuuliza anataka kuishi wapi. Kumbe hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Kwenye nyumba namsikia mama yako kila chumba," alisema. "Si kwa ubaya. Lakini nikiwa jikoni namsikia chumbani, nikienda chumbani namsikia uani. Nachoka kumfuata. Kwenye karavani hakuwahi kulala hata siku moja. Mle nakaa na kumkumbuka nikitaka mwenyewe."

Hakuwahi kuniambia maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Nikamwambia, "Basi rudi kwenye karavani. Lakini kile kitandiko kitupeni. Nitakuchagulia kingine."

"Kile bado kizima."

"Baba, kitupeni."

Kaka hakufurahi. Aliniambia kwamba nimechagua kuwa mtoto mzuri na kumwachia yeye kazi ya kuokota misumari. Maneno yale yalikuwa na haki ndani yake.

Vifaa vya kambi haviuzwi kule ninakonunua nguo. Nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka upande ambao sikuuzoea, nikaingia jengo lenye maduka ya mahema, viti vya kukunja na majiko ya gesi. Vijana wa Guangzhou siku hizi wanapenda kwenda kulala kando ya mabwawa mwisho wa wiki, na karavani nazo zipo. Duka nililolipenda lilikuwa la mwisho kwenye ujia, likiwa na mlango wa nyuma unaofunguka kwenye kibaraza cha saruji. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye nywele zilizokatwa karibu na masikio, kandambili miguuni na soksi nyeupe ndani yake. Kichina changu ni cha sokoni, cha maneno kama 'bei', 'saizi' na 'hakuna', lakini kwa subira na simu ya kutafsiri huwa nafika.

Nilimwambia nataka kitandiko cha chini, cha kibaraza cha karavani, mita mbili na nusu kwa mita nne. Alinitandazia vipande vya mfano. Kulikuwa na plastiki nzito kama ile ya kwanza. Kulikuwa na mkeka wa plastiki uliofumwa, mwepesi, wenye maua. Kulikuwa na vigae vya sponji vya kuunganisha kama vile vya watoto. Na kulikuwa na kitu nisichokijua, wavu mzito wa nyuzi zilizovikwa sponji laini, wenye matundu madogo kama ya kichungi cha chai.

Nilivua viatu.

Alinitazama. Nikapanda juu ya plastiki nikatembea, nikageuka, nikarudi. Nikapanda juu ya mkeka. Ukingo wake ulikuwa umejikunja, nikajikwaa kidogo, nikauweka kando. Vigae vya sponji vilikuwa na raha, lakini kwenye maungio niliingiza ukucha ukazama. Kokoto ingejificha mle, hata sindano. Nikaviweka kando navyo.

"Maji," nilimwambia. Akaniletea birika. Tulitoa vilivyobaki nje, kwenye saruji, nikamwaga maji. Juu ya plastiki yalitulia yakawa kidimbwi, na unyayo wangu ukateleza. Kwenye wavu yalipotea. Nilifunua chini, saruji ilikuwa imelowa lakini juu pakavu. Jua la saa sita lilikuwa kali. Tuliacha vipande pale tukanywa chai, tukarudi. Plastiki ilichoma. Wavu ulikuwa vuguvugu tu.

"Basi huu," alisema mama yule, akafungua kitabu cha rangi. "Kijivu, kahawia, kijani cha jeshi. Vyote vizuri. Havionyeshi uchafu."

"Nataka unaoonyesha uchafu."

Alidhani nimekosea neno. Akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba wateja wote wanataka rangi inayoficha. Nikarudia kwamba mimi nataka inayoonyesha. Nilichukua kopo la skrubu lililokuwa kaunta, nikaomba ruhusa kwa macho, nikamwaga chache juu ya kipande cha kijivu. Nikasimama wima, nikarudi hatua mbili, nikafumba jicho moja nusu ili nione kama anavyoona mzee. Skrubu hazikuwepo. Nilijua zipo tano, nikaona mbili.

"Baba yangu," nilisema. "Mguu wake hausikii." Nikaandika kwenye simu neno la kisukari, nikamgeuzia kioo.

Alilisoma. Kisha akainama, akapandisha mguu wa suruali, akanionyesha soksi yake. Nyeupe, safi, mpaka juu ya kifundo. Joto la siku ile halikuwa la soksi. Alisema jambo refu, nikamwomba alirudie kwenye simu, na simu ikaniandikia: daktari aliniambia nivae nyeupe, ili nikiumia nione damu, kwa sababu sitasikia.

Tulisimama pale kibarazani, mimi peku na yeye na soksi zake. Miaka yote hii nanunua Guangzhou nimepatana bei na watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, tumecheka, tumenuniana, tumeitana rafiki. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kunionyesha mwili wake unaumwa wapi. Nilitaka kumwambia pole. Kwa Kichina sikuwa na neno linalotosha, nikasema "Pole" kwa Kiswahili, nikiwa nimeshika kifua. Alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Alikwenda nyuma ya duka, akavuta bunda lililoviringishwa na kufunikwa nailoni yenye vumbi. Wavu ule ule, rangi ya maziwa. Alisema limekaa muda mrefu, hakuna anayelitaka, likitandikwa siku moja tu linaonekana chafu. Tukakata kipande, tukamwaga skrubu. Zote tano zilionekana, hata nikifumba jicho. Yeye akaongeza yake: alitoa kalamu nyekundu akagusa mahali pamoja, nukta ndogo tu. Tuliiona tukiwa mlangoni.

Sasa tukafika kwenye vigingi. Nilimweleza kwamba sitaki kitu chochote cha chuma kinachochomoza karibu na miguu ya baba. Akafikiri, akachora kwenye boksi: ukingo ukunjwe na kushonwa uwe kama mfereji mwembamba pande tatu, ujazwe mchanga, uzito wa mchanga ushike kitandiko chini. Upande wa mlango ubaki bapa ili asijikwae. Alikaa mwenyewe kwenye cherehani. Nilipomaliza kulipa alinifungia kifurushi, akaweka ndani jozi tatu za soksi nyeupe, mpya, kubwa za kiume, na akakataa katakata nizilipie.

Kitandiko kilisafiri wiki nyingi kama mizigo yote. Kaka alikwenda kukipokea, akajaza mchanga, akakitandika. Alinitumia picha bila maneno. Baba alinitumia ujumbe wa sauti, na safari hii haukuwa wa kunibariki.

"Mama, umenipa kazi. Jani likianguka naliona. Sisimizi akipita namwona. Nafagia asubuhi, nafagia adhuhuri. Kwani hukupata cha rangi nyingine?"

"Sikupata, baba," nilimwambia. Ule ulikuwa uongo, na sijautubu.

Alifagia. Kila siku alifagia, na kufagia kukamfanya aangalie chini, jambo ambalo madaktari na watoto wake tulikuwa tumeshindwa kumfanya alifanye. Siku moja, kabla ya adhuhuri, aliona nukta. Halafu nukta nyingine hatua moja mbele, na nyingine. Alisimama pale pale alipokuwa, akaniambia baadaye kwamba alimtafuta kuku aliyejeruhiwa. Kisha akaangalia nyuma yake. Nukta zilikuwa zinamfuata yeye. Akakaa kitini, akampigia kaka, na kaka akaja na pikipiki ya mtu. Ulikuwa mwiba wa maua ya uzio. Kliniki waliutoa, wakaosha, wakafunga, na kidonda kikapona katika muda wa kidonda cha kawaida.

Siku ile kaka alinipigia. Alizungumza kuhusu mwiba, kuhusu foleni ya kliniki, kuhusu mvua. Mwishoni akasema, "Bado sipendi alale kwenye bati."

"Najua."

"Lakini nimekubaliana naye. Masika atalala ndani."

Sikujua amewezaje. Nilikuwa nimeshinda upande mmoja nikasahau kwamba aliyebaki pale kila siku, akiendelea kuzungumza na mzee taratibu, ni yeye. Nilimwomba msamaha kwa hilo. Akasema, "Acha hizo," kwa sauti ya mtu aliyefurahi kidogo.

Nilikwenda nyumbani mwaka huo. Niliingia uani asubuhi, baba yupo kibarazani amekaa kwenye kiti cha uvivu, ufagio umeegemea karavani. Nilivua viatu bila kuambiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Pita, pita. Angalia usinichafulie."

Kitandiko hakikuwa tena rangi ya maziwa. Kilikuwa na alama ya chai, na kivuli cha rangi ya udongo pale anapokanyaga sana, kutoka mlangoni mpaka mahali pa sala. Lakini kilikuwa bado kinaonyesha. Niliona punje ya mchele karibu na kiti chake, nikaiokota.

Tulizungumza habari za safari, za majirani, za bei ya saruji. Alikuwa amepungua, na sauti yake imepungua pia. Kisha, katikati ya habari ya saruji, alivua soksi yake polepole, akaikunja, akaiweka juu ya goti, na akaninyooshea mguu.

"Hebu tazama chini huku," alisema, akiangalia mipapai. "Mimi siku hizi shingo haifiki."

Niliupokea kwa mikono miwili. Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kuushika mguu wa baba yangu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, wa baridi, ngozi ya kisigino imepasuka kama udongo wa kiangazi, na pale pa kidole kilichokatwa pamefunga vizuri, pamekuwa laini. Nilipitisha kidole gumba changu polepole, kila mahali, kati ya vidole, pembeni, chini ya upinde, jinsi ninavyopitisha kwenye mshono.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

Alifikiri. "Kama mtu anaongea chumba cha pili."

Niliendelea. Hakuna kidonda, hakuna mwiba. Nikamwambia ni mzima. Akasema alhamdulillahi, akautoa mguu ule, na bila kuniambia chochote akaanza kuvua soksi ya pili.